Kuzuia ukungu wa nyanya Mazinde bila kutegemea bomba la dawa

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, wakiwapo pia wageni wetu wafadhili. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.



 Tunajua wapo walioacha shamba halijanyeshewa ili wawe hapa, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Mazinde ni jina moja lenye hali ya hewa mbili. Huku chini, kando ya barabara kuu itokayo Mombo kuelekea Mkomazi na Same, jua ni kali, mkonge unastawi, na mvua ni ya kubahatisha. Mazinde Juu, ambako wengi mnapajua kwa sababu ya shule ya sekondari ya wasichana ya St. Mary's iliyoanzishwa mwaka 1989, asubuhi za kipupwe mlima unafunikwa na mtu hatoki bila koti. Lugha yetu inaita ukungu wa hewani na ukungu wa mmea kwa neno moja, na safari hii lugha haikukosea: pale unapolala ukungu wa hewani, ndipo unapoamkia ukungu wa nyanya.

Mkulima wa chini na mkulima wa juu hupanda nyanya ileile, pengine kutoka kopo moja la mbegu. Lakini ugonjwa unaowaumiza si mmoja. Sisi tukawapa wote dawa moja na bomba moja. Hapo tulikosea, na tungependa kuanzia hapo.

Kwa misimu kadhaa idara yetu ya kilimo ilitoa mabomba ya mgongoni na dawa za ukungu kwa mkopo nafuu. Kwenye taarifa zetu ilipendeza: picha ya mama amebeba bomba jipya, shamba la kijani nyuma yake. Tulihesabu mabomba. Hatukuhesabu bomba limepuliza mara ngapi, wala aliyepuliza alivaa nini, wala alioshea wapi. Msimu mmoja wa masika tulimtembelea mkulima wa juu ambaye alikuwa anapuliza kila baada ya siku nne, kwa sababu kila alipopuliza mvua iliosha. Alikuwa amefika mahali pa kuchanganya dawa tatu katika bomba moja, akisema zisaidiane. Nyanya zilikufa zote. Mkopo haukufa. Alitulipa kwa kuuza mbuzi, na hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Baadaye tuligundua kwamba jambo hilo halikuwa la mtu mmoja. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Ngowi na wenzake juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Katika viuatilifu walivyotumia, 59 kwa mia vilikuwa vya wadudu na 29 kwa mia vilikuwa vya ukungu. Karibu theluthi ya wakulima walikuwa wakichanganya dawa kwenye bomba. Na 68 kwa mia walisema waliwahi kujisikia vibaya baada ya kupuliza: ngozi kuwasha, kichwa kuuma, kizunguzungu. Wengi wao hawakutumia hata senti moja kwenda kutibiwa, maana mtu mwenye kizunguzungu cha dawa hujiambia ni jua, hunywa maziwa, hulala, na kesho yake hurudi shambani.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe, kwa sababu mtu hawezi kumzuia mgeni asiyemjua sura.

Huku chini kunakosumbua zaidi ni bakajani tangulia. Huanza kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, karibu na udongo. Doa lake ni la kahawia na lina duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Hupenda joto, na hukaa kwenye mabaki ya mimea na kwenye udongo akingojea matone ya mvua au ya maji ya kumwagilia yamrushe juu. Huua polepole. Mkulima mwangalifu anapata nafasi ya kufanya jambo.

Huko juu ni bakajani chelewa, na huyu hana subira licha ya jina lake. Doa huanza popote, mara nyingi pembeni mwa jani, likiwa na rangi ya kijani iliyokolea kama jani lililomwagiwa maji ya moto. Asubuhi na mapema ukigeuza jani utaona utando mweupe upande wa chini. Shina hupata mabaka meusi, tunda hupata bonge la kahawia gumu. Kukiwa na baridi ya wastani, nyuzi 15 hadi 22 hivi, na jani likalala limelowa, basi tangu jani liambukizwe hadi litoe mbegu mpya za ugonjwa ni siku tano hadi saba tu. Ndiyo maana watu husema shamba liliungua usiku mmoja. Halikuungua usiku mmoja; lilikuwa linaungua kimyakimya wiki nzima.

Ukiwa na shaka, chuma jani lenye doa, liweke ndani ya kopo safi lenye mfuniko pamoja na kitambaa kilicholoweshwa kidogo, ulifunike usiku kucha mahali penye ubaridi. Utando mweupe ukitokea asubuhi, ni bakajani chelewa. Zamani tulikuwa tunafundisha kutumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019, na kopo linafanya kazi vizuri vilevile.

Wataalamu siku hizi hawamweki tena huyu wa juu katika kundi la kuvu hasa. Wanasema yuko karibu zaidi na mwani wa majini kuliko uyoga. Mtasema hilo ni la darasani, lakini lina maana kubwa shambani: mbegu zake zikipata tone la maji juu ya jani huogelea humo hadi zipate pa kuingilia. Bila unyevu juu ya jani hawezi kuingia. Shikeni neno hilo, maana yote tutakayosema baadaye yanatoka hapo.

Ndiye huyuhuyu aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa yaliyofuata. Kwetu Afrika Mashariki aliripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1941, kwenye viazi. Tangu hapo viazi mviringo na nyanya wanaambukizana, kwa kuwa ni watu wa ukoo mmoja. Ninyi wa milimani mnaopanda viazi juu ya tuta na nyanya chini ya tuta mnamfungulia njia asafiri kutoka huku hadi kule.

Kuhusu kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na ambaye tunajua anawatoa machozi, hatutasema leo. Tunaomba tu mtu asipulizie kantangaze dawa ya ukungu, wala ukungu dawa ya kantangaze. Tumeyaona yote mawili.

Tuje kwenye dawa. Hatukuja hapa kusema kila anayepuliza dawa ni mkosaji. Mzazi mwenye ada ya shule kwenye shamba la nyanya anapuliza kwa hofu, na hofu hiyo tunaielewa. Lakini yapo mambo matatu ambayo tungependa kamati zijue kabla hazijatuandikia tena barua za kuomba dawa.

Kwanza, kimelea huyu hujifunza. Dawa ya metalaksili ilipoanza kutumika iliaminiwa kwamba imemaliza tatizo. Mwaka 1980, Ireland na Uholanzi zikaona viazi vinaungua huku dawa imepulizwa. Ukungu ulikwisha kuizoea. Anayepuliza dawa ya aina moja kila wiki anafanya kazi ya kuchagua vimelea wagumu na kuwaachia watoto wake.

Pili, mankozebu, ule unga wa njano ambao mnaujua wote na ambao sokoni unaonekana juu ya nyanya kama vumbi jeupe, Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali chake Desemba 2020, kwa sababu ya madhara yake kwa afya ya uzazi na mfumo wa homoni mwilini. Hapa tunasema na ndugu zetu wafadhili wa kutoka Ulaya. Hatuwezi kuwaomba mtununulie kitu ambacho mkulima wa kwenu amekatazwa kukitumia. Wala ninyi msikubali kutupa, hata tukiomba kwa machozi.

Tatu, maji. Maji ya upande huu wa mlima hushuka tambarare kuelekea Mto Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani. Mtu akioshea bomba kwenye kijito cha juu, jirani wa chini ndiye anayenywesha mbuzi na kuchota ndoo. Huu si ugomvi wa wakulima na watu wa mazingira wa mjini. Ni jambo kati ya Mazinde moja na Mazinde nyingine.

Mtauliza habari za mrututu. Wazee waliolima kahawa wanaujua. Hadithi yake inatoka Ufaransa, karibu na mji wa Bordeaux, ambako wakulima walipaka mrututu na chokaa kwenye mizabibu ya kandokando ya barabara ili wapita njia waogope kula zabibu. Profesa mmoja, Millardet, akaona mizabibu hiyo ya barabarani haina ukungu ilhali ya katikati imeathirika, akatangaza dawa hiyo mwaka 1885. Hata kilimo hai kinauruhusu kwa kipimo. Lakini mrututu ni shaba, na shaba haiozi. Ikianguka chini inabaki udongoni mwaka hadi mwaka, inadhuru nyungunyungu, na ikifika mtoni inadhuru samaki. Ulaya wameweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika muda wa miaka saba. Kwa hiyo tunasema hivi: mrututu uwe akiba ya wiki mbaya, upulizwe kabla ugonjwa haujaingia, kwa kuwa hauponyi jani lililokwisha kuungua. Usiwe chakula cha kila Jumamosi.

Na dawa za asili? Tunajua mnatarajia tuzisifu. Mwarobaini ni mzuri kwa wadudu. Kitunguu saumu, majivu, mkojo wa ng'ombe, tumeona vikijaribiwa katika mashamba yenu na yetu. Maziwa yaliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, yana ushahidi dhidi ya ubwiri unga. Utafiti wa Brazil wa mwaka 1999 ulionyesha hivyo kwenye mimea ya jamii ya maboga. Wa huku chini wenye ubwiri unga wanaweza kujaribu. Lakini kwa bakajani chelewa, wakati wa masika, huko juu, hatujaona mchanganyiko wa jikoni unaomzuia akishaingia. Mvua inaosha kitunguu saumu kama inavyoosha dawa ya dukani. Tukiwaambia vingine tutakuwa tumebadilisha tu kilichomo ndani ya bomba, na mkulima atapoteza shamba lilelile.

Kazi yenyewe ni kulifanya jani likauke mapema. Tunaomba mtuvumilie, maana ni kazi ya mikono na haina maajabu.

Nyanya iliyoachwa itambae chini hubaki imelowa hadi saa tano. Nyanya iliyoinuliwa kwenye mti, ikapewa nafasi ya hatua moja kati ya mstari na mstari, ikapunguzwa machipukizi, upepo hupita katikati yake na jani hukauka jua linapotoka. Hiyo tofauti ya saa mbili au tatu ndiyo saa ambazo kimelea alikuwa anazihitaji. Majani ya chini yote, kuanzia udongoni hadi kwenye kishada cha kwanza cha matunda, yaondolewe mmea ukishakomaa, na yasiachwe hapo chini ya shina. Ukiondoa majani, ondoa umande ukiwa umekauka, na unawe mikono kabla ya kuingia shamba la pili. Udongo ufunikwe kwa matandazo ili tone la mvua lisirushe uchafu juu. Kwa wa huku chini hili pekee limesaidia sana dhidi ya bakajani tangulia, na linatunza maji ambayo hamna ya kuchezea.

Kumwagilia, maji yaende kwenye shina, asubuhi. Tunajua kina mama wengi humwagilia jioni kwa sababu ndiyo saa wanayopata, wakitoka kwenye kazi nyingine, na zamu ya mfereji au ndiva haichagui saa. Basi hapo kamati ya maji ina la kufanya: wenye nyanya wapewe zamu za asubuhi, wenye mahindi za jioni. Halihitaji fedha za mtu yeyote kutoka nje, linahitaji kikao kimoja.

Milimani hatuwezi kugeuza mistari tupendavyo ili ifuate upepo, kwa sababu mstari lazima ufuate tuta. Tukiisimamisha kuelekea bondeni tutaokoa nyanya na kupoteza udongo. Hapo inabidi kuongeza nafasi badala ya kugeuza mstari. Watu wanaona ni hasara ya eneo. Ni kweli ni hasara ya eneo.

Tatizo kubwa lilikuwa la miti ya kusimikia. Tulipohimiza nyanya zisimikwe, tulifurahi msimu wa kwanza, mpaka msimu wa pili mjumbe mmoja alipotuuliza swali zito: hizi fito zinatoka wapi? Shamba dogo tu la nyanya linakula mamia ya fito, na nyingi zilikuwa zinatoka msituni. Tulikuwa tunakata Usambara ili tuokoe Usambara. Ilitubidi turudi nyuma. Sasa tunafundisha kusimika nguzo chache imara, za mgrivea uliopogolewa au za mianzi, kila baada ya hatua tatu au nne, na kati yake kukaza kamba za katani, moja chini, moja katikati, moja juu, nyanya zikafungwa humo. Kamba hizo zinatokana na mkonge wa huku chini. Mtu wa Mazinde ya chini amesokota kamba ambayo mtu wa Mazinde Juu ameifungia nyanya. Kamba ikichoka huoza na kuwa mboji, haiachi plastiki shambani. Lakini tuseme ukweli wote: ikinyeshewa sana inalegea, na katikati ya msimu inabidi ikazwe upya. Kuna waliokasirika, wakarudi kwenye fito.

Mbegu na miche tuipitie haraka. Herufi V na F kwenye jina la Roma VF zina maana kwamba inastahimili aina mbili za mnyauko wa udongoni. Hazina maana kwamba inastahimili bakajani, na wauzaji wengine hawasemi hivyo. Kitalu kisiwe karibu na shamba kuukuu la nyanya au viazi. Miche isinunuliwe bila kugeuzwa majani. Mwaka 2009, kaskazini mashariki mwa Marekani, bakajani chelewa ilienea majimbo mengi katika msimu mmoja kwa sababu miche iliyoambukizwa iliuzwa madukani kwa watu wenye bustani ndogo za nyumbani. Kama iliwapata wao wenye maabara, sisi tunaonunua miche gulioni tuwe macho.

Kubadilisha mazao kila mtu anakujua kwa mdomo. Miaka mitatu bila nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili wala mnavu kwenye kipande kilekile. Kitabu cha Walawi kinazungumza juu ya kuipumzisha ardhi mwaka wa saba, na tumesikia mahubiri mazuri juu ya hilo. Ila mwenye robo eka anauliza ataenda wapi na nyanya mwaka wa pili. Hatuna jibu zuri, isipokuwa majirani wabadilishane vipande, na hilo linataka kuaminiana.

Na mtaniruhusu kusema jambo lisilopendeza. Huko juu, katikati ya masika, kwenye shamba la wazi, hakuna njia rafiki kwa mazingira itakayookoa nyanya za kawaida. Tunajua kwa nini watu hupanda: nyanya ya masika ina bei, kwa sababu wengi zimewafia. Ni kamari. Anayeshinda anaezeka nyumba, na sokoni wote wanamzungumzia yeye; walioshindwa hawazungumzwi. Ushauri wetu ni kwamba masika iwe ya kabichi, karoti na maharage, na nyanya zingojee mvua ipungue. Kamati zisitoe mkopo wa nyanya za masika kwa milima ya juu. Tumekwisha kuacha sisi wenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuwaite.

Mbegu za bakajani chelewa huruka na upepo. Mkulima mmoja akifanya yote tuliyosema na jirani yake akaacha shamba lililoungua limesimama, kazi yake ni bure. Kimelea huyu huhitaji mmea ulio hai ili aishi. Akikosa nyanya na viazi kwa muda, hupungua sana. Lakini milimani kwetu hakosi kamwe. Huyu anavuna, yule anapandikiza, wa tatu ana viazi vilivyojiotea vyenyewe pembeni, na ugonjwa unavuka kutoka shamba hadi shamba mwaka mzima. Kwa hiyo tunapendekeza kila kigango kipange wiki moja baada ya mavuno ambapo mashamba yote ya nyanya yaliyokwisha yang'olewe na kufukiwa, na viazi vilivyojiotea ving'olewe pia. Na katikati ya msimu, shina la kwanza lenye utando mweupe ling'olewe siku hiyohiyo.

Kusema ni rahisi. Tulipokuwa tunatembelea mashamba tulimkuta mama mmoja, mjane, ugonjwa umeanza kwenye kona moja ya shamba lake. Mashina ya kona ile yalikuwa bado yana matunda ya kijani, ambayo pengine angepata wiki mbili za kuyavuna kabla hayajaungua. Tukamwambia ang'oe. Akatuuliza, kwa upole kabisa, "Wanangu, nikiyang'oa haya kwa ajili ya shamba la jirani, nani atanipa tenga langu?"

Hatukuwa na jibu. Hakung'oa. Shamba lake lilikwisha, na la jirani likafuata, na tusingeweza kumwita mbinafsi, maana tuliyekuwa tunamwomba atoe sadaka ni yule mwenye kidogo kuliko wote.

Tumelifikiria swali lake kwa muda mrefu na tumekuja na ombi moja. Kamati zianzishe mfuko mdogo wa kung'oa. Mtu akiona ugonjwa mapema na akatoa taarifa, wajumbe wawili na bwana shamba au bibi shamba wakathibitisha kwa kopo na kitambaa, mashina yakang'olewa na kufukiwa mbele yao, basi alipwe sehemu ya thamani ya matunda aliyopoteza. Sehemu, si yote, ili mtu asitamani kuugua. Wenye mashamba ya jirani wachangie kiasi wakati wa mavuno, kwa kuwa wao ndio waliookolewa. Na kiasi cha kuanzia kitoke kwa wafadhili, kwenye fungu lile lililokuwa la dawa.

Ndugu wafadhili, tunajua ugumu wake kwenu. Bomba linapigwa picha. Kisima kinawekwa kibao. Fedha zilizolipwa kwa ajili ya nyanya zilizofukiwa ardhini hazina picha nzuri, na mkaguzi atauliza risiti ya kitu ambacho hakipo. Tutaandika kila shina, jina la kigango, tarehe na sahihi za wajumbe. Zaidi ya hapo hatuna cha kuwaonyesha, ila mashamba ya jirani ambayo hayakuungua, na hata hayo hakuna awezaye kuapa kwamba yangeungua.

Tunajua pia mfuko wa namna hii unaweza kuliwa. Wajumbe wanaweza kuthibitisha shamba la shemeji. Ndiyo maana tunapendekeza wanaothibitisha shamba la juu watoke chini, na wa chini watoke juu. Nauli itakuwepo. Na mtu wa chini akipanda kuangalia nyanya za juu ataona pia bomba linaoshewa wapi.

Baada ya maneno haya yaliulizwa maswali mengi, na tutaje mawili. Mzee mmoja wa Mazinde Juu alitaka kujua kama mfuko utalipa nyanya zilizopandwa masika. Tulijibu hapana, na watu wakacheka, naye akacheka, ila tuliona hakupendezwa. Mjumbe mwingine, mama wa huku chini, aliuliza kama fedha zikichelewa wanaweza kuanza na kamba, kwa kuwa mafungu ya katani yapo karibu na vijana wa kusokota wapo. Kamati tatu zilikubali kuanza na kamba. Mafungu ya kwanza yatapandishwa milimani siku ya gulio, na wenye nguzo za mgrivea wameombwa wazikate kabla ya hapo.